Makopo Niliyomfichia Mume Wangu

Daktari alimwambia mume wangu kwamba asipotembea kila siku, sukari itamla mguu. Mzee akanigeukia mimi: "Nitembee niende wapi? Mtu mzima hazururi." Tangu astaafu, kiti cha kibarazani kilikuwa kama kimemwota mgongoni.

Ndipo nikaona kwenye simu ule mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa. Mtu anaficha kopo porini, anaweka alama kwenye ramani, wewe unalifuata na simu mpaka ulipate, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyo ndani, unalirudisha. Nikafungua ramani ya Bariadi: patupu. Mkoa mzima wa Simiyu hakuna aliyeficha hata kifuniko. Basi nikaficha mwenyewe, makopo ya siagi, kwenye mawe nje ya mji, nikamtumia alama. Angalau apate pa kwenda.

Akakubali. Nilifurahi mapema mno.

Mume wangu ni Msukuma hasa, hapiti mlango wa mtu bila kusalimia. "Mwangaluka," anaanza, halafu watoto, halafu mvua, halafu pamba, halafu ng'ombe wote. Kigoda kinaletwa. Yanaletwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, sukari tupu, na yeye anatafuna. Mimi nimesimama juani na simu, kopo liko nyuma ya kichuguu kile pale.

"Mzee, sukari."

"Mama, nikatae chakula cha watu?"

Nilikereka mpaka machozi yakanilenga. Nikaacha kumfuata. Akawa anatoka asubuhi, anarudi jioni na vumbi hadi magotini, kopo hajaliona. Eti mwenyeji amemsindikiza mbali, naye mzee akaona vibaya kumwacha mwenyeji arudi peke yake, akamrudisha hadi kwake, huyo naye akamsindikiza tena.

"Na kopo?"

"Lipo. Litakwenda wapi?"

Siku ya kliniki nilikwenda nimejiandaa kwa habari mbaya. Muuguzi akapima, akapima tena, akasema sukari imeshuka vizuri. Hata matobolwa hayakufua dafu. Akauliza mzee anafanya mazoezi gani.

"Huyu mama ananitafutisha makopo," akajibu, kifua mbele.

Mguu upo, namshukuru Mungu. Ila makopo niliyaokota mwenyewe baadaye, karatasi zote nyeupe, hakuna hata moja alilowahi kulifungua, na hadi leo jambo hilo linaniuma.