Kibao cha Dada na Printa ya Majaribio

Nikiikumbuka ile printa bado napandwa na hasira, na hasira yenyewe sijui niimwage kwa nani kwanza.

Dada yangu haoni tangu utotoni. Yeye ni kifungua mimba wa mama, mimi kitinda mimba. Kazi yake ni kupokea simu katika ofisi moja mjini, na anaenda na kurudi nyumbani kwetu Ziwani na fimbo yake bila kushikwa mkono na mtu. Alikuwa na kibao chake cha breli, kile cha chuma cha kubana karatasi, na kitobozi chenye mpini wa mbao alivyopewa alipomaliza darasa la nane. Jioni ungemsikia mezani, tok, tok, tok, akiandika kutoka kulia kwenda kushoto, maana nundu za kusomwa kwa vidole hutokea upande wa pili wa karatasi. Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo saa yake ya ukutani.

Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda Muthurwa. Hapo ndipo waliponikuta jamaa wawili wenye beji shingoni. Walikuwa wakijaribu kitu kipya: brausa ya kompyuta inayoweza kuzungumza moja kwa moja na mashine iliyochomekwa kwa waya, bila kuwekewa programu nyingine yoyote. Walikuwa wameunda printa ndogo ya breli, na walitaka mtu asiyeona akae nayo nyumbani. Unafungua ukurasa wao, unaandika, printa inatoboa. Nikawaambia, "Mnatafuta nani tena? Twendeni kwetu."

Wakaja Ziwani na laptopu, na chapati zetu wakazila. Wakanionyesha ukurasa wa majaribio ndani ya brausa na swichi ya kuwasha. Juu yake kulikuwa na onyo refu kwamba vitu hivi vinaweza kuondolewa wakati wowote. Ai, mimi fundi! Kwangu onyo ni kitu cha kubonyezea "sawa" ili kazi iendelee. Nikabonyeza. Kisha kikatokea kisanduku, na sauti ya laptopu inayosoma maandishi ya skrini ikamsomea dada: "Ukurasa huu unaomba kutumia kifaa chako. Ruhusu au zuia?" Dada akaruhusu. Printa ikaanza kugonga, na mama akapiga makofi.

Haki yake niipe: ilifanya kazi, tena vizuri. Kila dada alipoifungua, kile kisanduku kiliuliza, naye akaruhusu, na karatasi ikatoka. Wale jamaa wakapiga picha za vidole vyake, wakashukuru, wakatuachia printa na laptopu, wakaenda.

Baada ya miezi michache mteja mmoja kutoka mtaa wa Huruma aliniambia ana binti asiyeona aliyeanza shule, na hana kibao. Nikajiona mtu mkarimu sana. Dada akiwa kazini nikafungua droo yake, nikatoa kibao na kitobozi, nikampelekea yule mteja. Si tuna printa? Jioni dada akapapasa droo, akapapasa tena. Nikamweleza. Akaifunga droo, akasema, "Sawa." Nami nikaipokea ile "sawa" kama shukrani. Wanaume wa ukoo wetu tuna ugonjwa huo.

Kisha mama akafariki.

Kwetu, kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani magharibi, huwa kuna ibada hapa mtaani, na mtoto wa kwanza husimama kumzungumzia marehemu kwa niaba ya nyumba. Husimama na karatasi mkononi. Wazee wanasema usipoandika utalia badala ya kusema. Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, soma wewe. Dada yako atasimama kando yako."

Dada alikuwa jikoni, na masikio yake si kama yetu. Akatokea mlangoni. "Baba mdogo, mimi ndiye niliyemfanya aitwe mama. Nitasoma mwenyewe."

Jumatano akaandika kurasa nne kwenye laptopu. Alhamisi asubuhi, ibada ikiwa saa nane mchana, akabonyeza ili zitoke. Kimya. Taa ya printa inawaka, karatasi imo, waya umekaa. Hata kile kisanduku cha kuomba ruhusa hakikutokea. Laptopu ilikuwa imejisasisha yenyewe, na nilipofungua ule ukurasa wa majaribio, swichi haikuwepo. Haikuwa imezimwa, haikuwepo kabisa. Na ile printa haikujua kuzungumza na kitu kingine chochote ila ukurasa wao.

Nikampigia mmoja wa wale jamaa.

"Niaje buda! Ah, pole. Ile kitu wenye brausa waliiondoa. Majaribio yaliisha. Si tuliwatumia barua pepe?"

"Mama yangu yuko mochari. Dada anasoma saa nane."

"Woi, poleni sana. Lakini si mlijua ni majaribio tu? Na maoni yenu yalitusaidia sana, nakuambia ukweli."

Maoni! Ebo! Nilimtukana mpaka majirani wakafungua madirisha. Kwa nini kila kitu ambacho hakijaiva kinaletwa huku kwetu kuonjwa? Wanakuja wakicheka, wanakula, wanapiga picha, wanatuzoesha, na siku wakizima hawana hata haya ya kupiga simu. Mtu akikuazima mguu, anaweza kuuchukua ukiwa katikati ya barabara? Nilisema hayo yote na mengine ambayo siwezi kuyaandika, na yule jamaa akakata.

Baba mdogo alikuwa ameshachomoa kalamu yake. "Si nilisema? Mwambie akutajie, wewe uandike, usome."

"Hakuna mtu atakayenisomea mama yangu," dada akasema. "Nileteeni kalenda ya mwaka jana. Na msumari mdogo, na chanuo."

Kalenda ya kanisa ina karatasi nzito. Akakunja leso mara nne, akaiweka chini ya karatasi, akalaza chanuo la kumshikia mstari, akaanza kutoka kulia. Tok. Akageuza, akapapasa, akatikisa kichwa, akarudia. Bila kibao, kila nundu ilibidi aitafutie mahali pake. Saa nne ilikuwa imepita na hajamaliza mstari wa kwanza. Sikuweza kuvumilia.

"Dada, acha nikimbie Huruma nikachukue kibao."

"Umnyang'anye mtoto wa watu? Kaa chini." Akaendelea kutoboa. "Umewatukana sana wale. Lakini brausa yao, kila nilipoifungua, iliniuliza kwanza. Wewe ulipofungua droo yangu, ulimuuliza nani?"

Nikakaa chini. Nilitaka kusema nilikuwa na nia njema, nikakumbuka kwamba hata wale jamaa walikuwa nayo.

Saa nane tukawa kanisani. Kurasa nne zilikuwa zimekuwa mistari saba nyuma ya picha ya mwezi wa Machi. Baba mdogo alikaa mbele na karatasi aliyoiandika kivyake, tayari kumwokoa. Mimi nilisimama kando ya dada nikimshikia maikrofoni, maana alihitaji mikono yote miwili.

Akasoma polepole. Kwamba mama aliuza mboga. Kwamba aliimba vibaya na hakujali. Mahali pamoja msumari ulikuwa umepasua karatasi, kidole kikazama kwenye tundu, watu wakaanza kuguna. Baba mdogo akainuka nusu. Dada akarudi nyuma neno moja, akalipata, akaendelea hadi mstari wa mwisho:

"Katika nyumba yetu mama hakuwahi kuhamisha kitu changu, hata kijiko, bila kunigusa bega na kuniambia."

Kanisa zima lilisema amina. Mimi sikusema, nilikuwa nimeshika maikrofoni, na ingesikika sauti ya aliyefungua droo.