Ndama Mwenye Madoa na Mwanzo wa Ulimwengu

Mwanangu, iko siku moja ya usichana wangu ambayo naikumbuka zaidi tangu tulipomzika kaka yangu Chacha. Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, watu wa Gorong'a walipoacha mashamba ya mahindi wakakimbilia maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Chacha alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisoma fizikia. Baba yetu, tuliyemwita Tata, alibakiwa na fahali mmoja tu wa kuuza. Baba mdogo alimtaka fahali huyo ili anunue magogo ya kuzuia duara lake lisibomoke. Chacha alimhitaji ili arudi chuoni.

Basi asubuhi ile Tata aliwaita wote wawili zizini. Mimi nilikuwa nakamua.

"Nieleze unachosoma," akamwambia Chacha. "Nikishasikia, nitaamua."

Chacha akamshika ndama mmoja mwenye madoa. "Tata, doa hili litakuwaje akikua?"

"Sasa ni kama punje ya haragwe. Litakuwa kama kiganja. Ngozi ikitanuka, doa linatanuka nayo."

"Ndivyo walimu wangu wanavyoufikiria ulimwengu. Huu wote tunaouona ulikuwa mdogo kuliko chembe ya mchanga, kisha ukatanuka ghafla, haraka kuliko kufumba jicho. Na vitu vidogo kiasi hicho havitulii kabisa. Hata penye utupu pana mtikisiko. Sheria za kwanta, yaani za vitu vidogo mno, ndizo zinasema hivyo. Kule kutanuka kukaikuza mitikisiko ile. Palipozidi kidogo pakavuta vitu vingine, vikakusanyika, mwishowe zikawa nyota, ikawa dunia, tukawa sisi."

Baba mdogo akacheka. "Mura, kijana wangu, kwa hiyo mimi ni mtikisiko?"

"Ulionenepa," Tata akasema. Kisha akamgeukia Chacha. "Nani aliona hayo?"

"Hakuna. Ila upo mwanga wa kale sana ambao bado unatufikia kutoka pande zote za mbingu. Wameupima, wakaukuta na madoa hafifu, yanafanana na yale ya kwenye hesabu."

Tata akampapasa yule ndama. "Doa la ndama limetoka kwa mama yake au kwa fahali. Madoa yako yametoka kwa nani?"

"Hapo mfano wangu unaishia, Tata. Hayakurithiwa. Na hakuna awezaye kutabiri kila moja litatokea wapi."

"Na ni nini kilichoutanua?"

Chacha akamtazama yule fahali. Angeweza kusema chochote; nani pale angempinga?

"Sijui. Hata walimu wangu wanabishana. Wengine wanasema huenda haukutanuka hivyo kabisa."

"Umesikia, kaka?" baba mdogo akadakia. "Fahali aende kwa mtu asiyejua! Mimi mwamba wenye dhahabu naujua ulipo, naapa."

"Tangu maduara yaanze," Tata akamjibu, "kila anayekuja kuniomba ng'ombe anaapa kwamba anajua. Huyu ametaka fahali kuliko ninyi nyote, na bado amesema hajui."

Akamwambia Chacha amfungue fahali, wampeleke mnadani.

Sitakudanganya, mwanangu. Baba mdogo alipata magogo kwingine, akapata na dhahabu, akajenga nyumba ya bati Nyamisangura. Chacha alifundisha sekondari mpaka akastaafu, na lile swali la mwisho la Tata hakulijibu kamwe. Mimi niliishia darasa la saba. Kama ulimwengu ulitanuka au haukutanuka, siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba katika maisha yake yote, Chacha akikwambia jambo liko hivi, ungeweza kuondoka bila kwenda kumuuliza mtu mwingine. Hilo ndilo ninalolikosa sasa.

Kwa hiyo nakusihi: ukiulizwa, sema unalolijua, kisha onyesha mahali linapoishia, hata pale ambapo neno moja la uongo lingekupa unachokitamani. Utakosa mengine kwa ajili hiyo. Yakose.

Mungu akujalie watu wa kukusikiliza ukisema "sijui", na akupe usingizi mzuri baada ya kusema.