Dume la Habineza

Habineza alizaliwa Burungu, mfugaji na mtoto wa wafugaji, na mfugaji hajui kuhuzunika akizaliwa jike. Ndama jike ni maziwa, ni uzao, ni heshima ya nyumba. Vita vilipomwondolea ng'ombe wote akakimbilia Kalembe, akachimba bwawa la samaki bondeni, na huko mambo yakawa kichwa chini miguu juu. Tilapia jike hulea mayai kinywani badala ya kula. Hanenepi, na bwawa hujaa visamaki visivyofaa hata kwa mchuzi. Anayetakiwa ni dume. Mwaka wa kwanza mazoea yalimponza: akatunza majike, madume akawapeleka sokoni. Kalembe nzima ilimcheka, naye hakuwa na nguvu ya kukasirika.

Dume wa kuzalisha alimchagua kama mtu anavyochagua fahali, akampa na jina, Bihogo, la fahali wake aliyepotea. Kwa kuogopa wezi alimweka kwenye kidimbwi karibu na nyumba, chenye maji machache, ambako jua lilipiga mchana kutwa. Ukifika wakati wa uzazi, anampeleka kwa majike. Mapenzi hayo, jamani, na mapenzi hayaulizi fundi.

Uzao wa kwanza ukatoka majike wengi. Wa pili vilevile. Mkewe, Alliance, alikuwa na mimba kubwa, na Habineza alishamwambia wazi: majike wakizidi tena, ataacha bwawa aende Walikale kuchimba madini, mtoto azaliwe baba hayupo. Alliance aliwajua kwa majina waliokwenda huko wasirudi.

Siku ya kuchagua uzao wa tatu, Habineza alisimama majini tangu asubuhi pamoja na Gentil, fundi wa mifugo, huku Alliance ameketi ukingoni akipokea ndoo. Unamshika samaki, unamgeuza tumbo juu, unatazama karibu na mkia, unamtupa ndoo ya huku au ya kule. Mgongo unauma, miiba ya mapezi inachoma vidole. Ndoo ya majike ikajaa. Ya madume ilikuwa bado inaonyesha kitako chake.

"Ingekuwa ng'ombe, ningeimba," Habineza akasema.

Gentil alikuwa amekiona kile kidimbwi. "Papa, mbegu ya dume haibebe tu urizi wa babu zake. Mule ndani muko pia vipande vidogo sana, wanaviita ARN, iko kama maagizo. Wenye kusoma wanasema ile maagizo inaweza kugusa namna mutoto anakuwa dume ao jike. Na mambo yenye baba amepitia, joto, njaa, inaweza kuyageuza."

"Ndio kusema ni ile maji ya moto nilimutia?"

"Inaweza kuwa. Inaweza pia isikuwe. Kwa samaki yako hakuna mwenye amepima. Lakini huyu dume umutoe, nitakupa mwingine wa kwangu."

Habineza akatoka majini akakaa ukingoni. Alikuwa amechoka, na uchovu ule haukuanza siku hiyo. Ilimuuma kwamba huenda alimharibu dume wake kwa kumtunza. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu usoni:

"Na baba mwenye alilala mu pori, na njaa, na woga wa masasi ya bunduki? Mbegu yake inabeba nini?"

Gentil akafuta mikono kwenye suruali. "Ya watu sijue, Papa."

Alliance alikuwa ameona macho ya mumewe yalikotua, tumboni mwake.

"Inabeba mutoto," akasema. "Na mutoto anataka baba hapa, haiko Walikale. Tutaanza tena na dume ya Gentil. Sasa wende unikamatie Bihogo, nimupike."

Habineza akainuka polepole, akachukua wavu, akapanda kuelekea kidimbwini.