Kuni za Veikko, Joto la Hilkka

Katika nyumba ya Moilanen, maili kadhaa nje ya mji wa Kuhmo, kaskazini kwenye theluji, mwenye kuni ndiye aliyekuwa mwenye kauli. Baba mtu alikuwa mkata miti, na watoto wake wawili aliwapiga kwa chochote kilichokuwa karibu na jiko, na aghalabu kilichokuwa karibu na jiko ni gogo. Hilkka alivunjwa vidole. Kaka yake Veikko alipasuliwa paji la uso. Mzee alipokufa, Veikko alirithi msumeno, shoka, na ule mkono mwepesi.

Hawakuoa wala kuolewa. Walizeeka pamoja katika nyumba ile ya magogo, Hilkka akipika katika shule ya kijiji, Veikko akikata miti. Banda la kuni lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Veikko. Supu ikizidi chumvi, kuni hazitoki. Hilkka akijibu, kuni hazitoki. Nyumba ilipoa mpaka maji yakaganda kwenye ndoo, naye akalala na koti na kofia.

"Ukitaka joto, omba vizuri," Veikko alisema.

Naye aliomba. Siku nyingine aliomba huku damu ikimtoka sikioni, na sikio hilo halikusikia tena.

Kilichombadilisha Hilkka ni kichomi. Alilala wiki nzima akikohoa hawezi kusimama, na kwa kuwa hakupika, Veikko alifunga banda akaenda kula kwa rafiki yake. Hilkka alichoma viti viwili vya jikoni ili asife. Alipopona, alirudi shuleni akiwa mwembamba kama fagio, akamkuta fundi Kyllönen anatengeneza friji ya jikoni.

"Fundi," alimwambia, "nataka pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupashia nyumba. Nichague ipi?"

"Usichague kwa bei wala kwa rangi, mama. Uliza inafanya nini baridi ikifika digrii ishirini na tano chini ya sifuri. Kuna zile za bei poa, hapo zinakula umeme tu, joto hakuna."

"Na thelathini?"

"Thelathini hata nzuri itahema kama mzee anayepanda ngazi. Itakupa, lakini kidogo. Kwa hiyo jiko lako la kuni usilibomoe."

"Jiko ninalo," alisema Hilkka. "Kuni ndizo sina."

Kyllönen alimtazama, akaona uvimbe wa zambarau chini ya jicho. Alikuja kuifunga pampu siku ambayo Veikko alikuwa msituni. Mashine ya nje aliiweka juu ya miguu mirefu ya chuma ili theluji isiifikie, na ile ya ndani akaipachika ukutani katika chumba kikubwa. Alimwonyesha rimoti. "Weka ishirini, kisha iache. Ukiichezea kila saa utalia na bili. Osha vichujio. Ukiona mvuke unatoka nje, usipige kelele za moto, inajiyeyushia barafu. Na theluji isiizibe. Ikikosa pumzi, inakufa."

Jioni Veikko aliingia, akasimama chini ya lile sanduku jeupe lililonguruma taratibu.

"Hiki nini? Jeneza la paka?"

"Pampu ya joto."

"Nani kakuruhusu?"

"Mshahara wangu, kaka."

Alimzaba kofi akaangukia meza. Kisha Veikko akala, akalala. Nyumba ilikuwa na joto, na hakuna gogo hata moja lililotoka kwake. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Alimpiga kesho yake kwa sababu ya viatu, na kesho kutwa kwa sababu ya kahawa, lakini nyumba haikupoa, na Hilkka hakuomba.

Januari baridi ilishuka kwelikweli. Miti ilipasuka kwa baridi, ikalia usiku kama bunduki. Pampu ilihema, kama alivyosema fundi, na joto likapungua.

"Mbona huyo bibi yako wa ukutani anakoroma?" Veikko alimcheka, akichezea ufunguo shingoni. "Mwambie akakate kuni."

Hilkka alifunga vyumba vya juu, akatundika mablanketi milangoni, akahamishia kitanda chake chumba kikubwa. Alivumilia. Ila Jumamosi moja asubuhi aliamka akakuta sandukuni kunatoka upepo wa baridi. Alitoka nje. Mashine yote ilikuwa imefukiwa chini ya kilima cha theluji, na usiku ule theluji haikuwa imeanguka. Alama za koleo zilionekana wazi.

Alianza kufukua kwa mikono. Mlango ukafunguka nyuma yake.

"Toka hapo," alisema Veikko. Alikuwa na shoka.

"Hapana."

"Hilkka, toka, nisije nikakukata pamoja nayo."

"Baba alikufa, Veikko. Mbona wewe hujafa naye?"

Alimrusha kando kwa mkono mmoja, akanyanyua shoka. Pigo la kwanza lilipasua bati. La pili lilikata bomba, gesi ikafyatuka kwa mlio mkali ikampiga kifundo cha mkono usio na glavu. Ngozi iliganda ikawa nyeupe palepale. Alipiga ukelele, akageuka, na macho yake sasa hayakutafuta mashine. Shoka lilipita karibu na bega la Hilkka likazama kwenye nguzo ya ngazi.

Ukutani kulikuwa na mtaimbo wa kuvunjia barafu. Hilkka aliushika akampiga nao. Mfupa wa bega ulilia kama tawi kavu, Veikko akaanguka kifudifudi. Alijaribu kuinuka. Hapo Hilkka angeweza kuacha, na baadaye mwenyewe aliwaambia polisi hivyo. Hakuacha. Alimpiga tena, gotini, kwa nguvu zote za miaka yote ile, na alisikia raha, kisha akatapika juu ya theluji.

"Hilkka," kaka yake alisema. "Dada. Nitaganda."

Hilkka alisimama kando yake. Pumzi zao wawili zilikuwa moshi mmoja. Alikuwa amejua baridi ya aina hiyo, akajua itachukua muda gani kumwua mtu, akajua gari la wagonjwa litatoka Kuhmo na barabara imejaa barafu. Akainama, akakata kamba ya ufunguo shingoni mwake. Alimviringisha juu ya sleji ya kuburutia kuni thelujini, akamburuta mpaka ndani huku Veikko akipiga mayowe kila walipovuka kizingiti. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa, kisha akafungua banda, akabeba mizigo miwili ya kuni za mbetula, mti wa gome jeupe, akarudi tena na tena, akawasha jiko mpaka chuma kikawa chekundu.

"Unazimaliza," Veikko alinong'ona sakafuni.

"Nyamaza, zikuponye."

Mahakama iliwahukumu wote wawili, Veikko zaidi, Hilkka kidogo. Veikko alipewa chumba mjini na kuzuiwa kumkaribia. Mkono wake ule ulioganda haukukunjuka vizuri tena. Hilkka aliweka pampu nyingine, na bima haikumsaidia hata chembe. Kwa miezi mingi kila ilipojiyeyushia barafu na kutoa ule mlio wake wa kufoka, aliruka kutoka kitandani akitafuta mtaimbo.

Mwezi wa Mei Veikko alikuja na polisi mmoja kuchukua nguo zake. Polisi alibaki garini akizungumza kwa simu. Veikko alisimama kizingitini, mlango wazi, uso umemshuka.

"Kumbe bado inanguruma."

"Funga mlango, kaka. Joto linatoka."

"Niufunge nikiwa ndani au nje?"

"Nje," alisema Hilkka.

Aliufunga. Hilkka alisikia hatua zake zikishuka ngazi, moja nzito na moja ya kuchechemea, kisha akakaa sakafuni akilia kwa sauti, na hakujua kama ni woga au ni furaha.