Magongo Mawili Chini ya Kitanda

Enzi zetu za shule ya msingi, gongo la hoki halikuwa kitu cha kununua. Lilikuwa tawi la mforosadi, na kabla ya kulikata ulikuwa umekula matunda yake mpaka mdomo na kola ya yunifomu vikawa zambarau. Shule yetu ya Kibera ilikuwa na magongo manne ya dukani, na sisi wasichana tulizidi ishirini. Aliyetaka kucheza alijitengenezea.

Mimi ningebaki kutazama tu, maana sikuwa mtu wa kuomba, lakini nilikuwa na Mwende. Tuliishi ploti moja kule kijiji cha Raila, humo humo Kibera, milango ikitazamana. Baba yake alikuwa mchongaji kutoka Kitui, na kibanda chake kilikuwa Makina, kimejaa twiga wa mbao ambao bado hawajawekewa masikio. Mforosadi ulikuwa nyuma ya kibanda.

"Nyinyi mmekuja kazi ama mmekuja kumaliza forosadi zangu?" alikuwa akituuliza.

Tuliambua maganda ya tawi, tukalichemsha kwenye debe juu ya moto wa maranda mpaka likalegea. Lilinuka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Kisha haraka, kabla halijapoa, ncha ilikunjwa kuzunguka kipande cha gogo na kukazwa kwa tyubu ya baiskeli. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, yaani kungoja. Gongo lilikaa kivulini wiki nyingi likikauka, limefungwa vivyo hivyo, ndipo lifunguliwe na kukwanguliwa mpaka liwe laini.

"Ukifungua mapema," Baba Mwende alisema, "mti utakumbuka vile ulikuwa umenyooka."

Gongo langu la kwanza nililifungua baada ya siku nne. Kufika Jumatatu lilikuwa limenyooka, na wavulana wakaniuliza kama hiyo ni stiki ama ni mwiko wa ugali. Mwende hakucheka. Alicheka baadaye, tukiwa wawili.

Shule zilipofungwa mwishoni mwa 2007, tulifunga magongo mawili siku moja, yote kutoka tawi moja lililogawanyika panda mbili. Hatukusema lipi ni la nani. Tungechagua siku ya kufungua. Tuliyaweka chini ya kitanda chetu kwa sababu kwao kulikuwa kunavuja.

Kisha kukawa na uchaguzi, na baada ya uchaguzi kukawa na moshi. Sitaki kueleza yote. Wenye umri wangu wanajua. Majirani waliokopeshana chumvi walianza kuulizana wametoka wapi. Asubuhi moja nikaona mkokoteni mlangoni kwa kina Mwende, godoro juu, twiga chini. Walikuwa wanaenda kwa mjomba wake, mtaa unaoitwa Kongo, kule Kawangware.

"Usifungue," Mwende aliniambia. "Nikirudi tunafungua pamoja."

"Na ukikawia?"

"Nikawie aje na shule inafunguliwa wiki ijayo?"

Shule haikufunguliwa wiki hiyo. Nilikaa ndani nikitazama mlango wao wenye kufuli. Kibanda cha mama cha kuuzia sukuma wiki kiliungua. Makaa yalikosekana, na mafuta ya taa pia. Tulichoma stuli, kisha rafu ya vyombo.

"Nekesa," mama akasema jioni moja, "kuna miti miwili chini ya kitanda. Lete mmoja."

"Mum, hiyo ni ya shule."

"Shule gani? Hiyo shule iko wapi?"

Mdogo wangu alikuwa analia njaa. Niliingia chini ya kitanda nikayapapasa yote mawili. Yalikuwa sawa kabisa. Nikatoa lililokuwa karibu. Uji uliiva, na mpaka leo sijui kama tulichoma langu ama la Mwende.

Shule ilipofunguliwa, dawati letu lilikuwa langu peke yangu. Nilipopata ujasiri nilitembea hadi Kongo, nikauliza maduka mawili kwa sauti ambayo nadhani hawakuisikia vizuri. Mwenye duka la tatu aliniambia mchongaji alisharudi Kitui na watu wake.

Siku hizi naona watoto wakipita na magongo ya faiba, mepesi, yenye mifuko yake ya zipu. Likivunjika wananunua lingine. Wengine wanacheza hoki kwa simu, wamelala chali, na wakifungwa bao wanalaumu chaji. Nawacheka kidogo. Wana vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Lakini sijaona wawili wakingoja kitu kimoja kikauke.

Gongo lililobaki nimehama nalo nyumba tatu. Sikulifungua. Mwezi uliopita, nikifagia chini ya kitanda, niliikuta tyubu imekatika yenyewe kwa uzee, na kile kipande cha gogo kimebingirika kando. Nililiinua gongo nikalitazama kwenye mwanga wa mlango. Limekunjwa vilevile. Halikumbuki tena kwamba liliwahi kunyooka.

Bado sijalikwangua. Hatujachagua lipi ni la nani.