Sumaili na Gramafoni Iliyokwenda Ofisini

Sumaili Kasimu habishi: siku ile mjinga alikuwa yeye. Hakuna aliyemnyang'anya gramafoni yake. Aliifuta vumbi kwa shati lake la sikukuu, akaitwika kichwani, akaipeleka ofisini kwa miguu yake mwenyewe.

"Na sindano pia nikawapa," anasema. "Boksi muzima. Nikasema na asante."

Ni saa nane mchana, Jumapili moja ya mwaka huu wa 1956, katika kilabu cha Mama Odile, mtaa wa Mikelenge, Kindu. Kilabu chenyewe ni kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba: mabenchi sita, mitungi ya malafu, pombe ya mchikichi, na bia kidogo kwa wenye majivuno. Meza ya gramafoni iko tupu, wiki ya tatu sasa. Sumaili amekaa nyuma yake vilevile, anagonga chupa kwa kijiko. Wateja wanaimba.

Wanaimba kwa sababu ya sheria ya hapa. Anayeongea santuri ikizunguka, ikiisha ataiimba yote peke yake, amesimama. Na kwa kuwa watu wa Mikelenge hawajui kunyamaza, hakuna wimbo wasioujua.

"Walifikiri wakibeba mashini tutakaa kama kwa matanga," anasema Mama Odile, akimimina. "Tunapiga kelele kupita zamani."

Sumaili ana miaka thelathini na minane. Siku za kazi hubeba magunia bandarini, kutoka melini hadi kwenye mabehewa ya reli, kwa faranga ishirini na mbili kwa siku. Kabla ya hapo alikaa miaka minne Kampene, kwenye machimbo. Huko aliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto, na huko ndiko alikonunua gramafoni kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga duka.

"Vidole mbili, mashini moja," anasema, akiuinua mkono. "Kuko watu walitoka Kampene na vidole yote kumi, na bila kitu."

Ni Mwislamu, hapa hanywi ila chai. Shemeji yake Hamadi hachoki kumwuliza anatafuta nini kilabuni.

"Nilimujibu: shemeji, wewe unalala karibu na reli miaka kumi, umekuwa treni?"

Gramafoni yake ina kilema. Springi imechoka, na santuri ikikaribia mwisho, sauti hulegea. Hapo Sumaili huusukuma ukingo wa sahani inayozunguka kwa dole gumba, taratibu, mpaka wimbo uishe bila mtu kugundua. Anataka kuagiza springi mpya kutoka Stanleyville, kisha ajenge chumba chake mwenyewe cha muziki, chenye viti vya kuegemea, akaachane na magunia kabla mgongo haujaachana naye. Bila gramafoni, chumba hicho ni maneno matupu.

Wiki tatu zilizopita, Gérard, karani wa ofisi ya serikali, alipita hapa na kofia yake na kalamu mbili mfukoni. Akatangaza kwamba kila gramafoni ya kilabu lazima iandikishwe. Ipelekwe leo, ichukuliwe kesho. Tangu hapo Sumaili hupita ofisini kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi Gérard humjibu kwamba bwana mkubwa, Mzungu mwenye ofisi, hajatia sahihi.

Leo, katikati ya wimbo, kijiko cha Sumaili kinasimama hewani. Kutoka upande wa nyumba za makarani kunasikika santuri. Inakwenda vizuri, halafu mwishoni inalegea na kukokota maneno, kama mlevi anayeomba msamaha kwa mkewe.

"Njo yangu, ni yangu ile," anasema.

"Gramafoni ziko mingi, ndugu," Jacques, fundi wa reli, anamwambia kutoka benchi la mbele.

"Mutu anajua kikohozi ya mutoto wake."

Anainuka. Mama Odile anajifuta mikono kwenye kitenge na kumfuata. Nyuma yao mabenchi yote sita yanabaki matupu, na wimbo unahamia barabarani.

Gérard yuko barazani kwake na wageni watano waliofunga tai. Gramafoni iko juu ya kigoda, katikati yao.

"Munatafuta nini kwa nyumba ya mutu Siku ya Mungu?"

"Nimesikia mutoto wangu analia," anasema Sumaili. "Nimekuja kumubeba."

"Mon vieux, rafiki yangu, hii mashini sasa ni kitu ya Leta." Leta ni serikali, na karani hulitamka jina hilo kama la baba yake mzazi. "Leta inaichunga mpaka bwana atie sahihi. Ukigusa, naandika jina yako. Unajua fimbo."

"Andika. Mugongo wangu na fimbo wanajuana tangu Kampene. Andika muzuri tu, kule walikosea jina, wakapiga mwingine kwanza."

Watu barabarani wanacheka. Mgeni mmoja anacheka pia, kisha anakumbuka yuko barazani kwa nani.

Gérard anasimama na kuweka mkono juu ya gramafoni. "Karatasi ya kuonyesha ni yako iko wapi? Hauna. Basi ni ya Leta, maneno imekwisha."

Sumaili hana karatasi. Mgiriki wa Kampene hakuwa mtu wa karatasi. Anautazama mkono ule juu ya mashine yake.

Mama Odile anapanda ngazi ya baraza.

"Muzuri, Bwana Karani. Kama ni ya Leta, itwike kwa kichwa yako, twende wote kwa bwana mukubwa sasa hivi. Atafurahi kujua Leta inacheza kwako kila Jumapili na haimuiti."

Gérard anautoa mkono wake juu ya gramafoni.