Mwiba wa Chuma

Wayua wa Tseikuru alizoea kwenda shambani amevaa suruali na koti la mumewe. Usicheke. Nyani wa huko hawamwogopi mwanamke hata kidogo. Wakiona leso, wanaendelea kutafuna ndengu zako huku wanakutazama usoni, mijitu isiyo na haya! Wakiona suruali, angalau wanafikiri kwanza.

Mumewe, Nyamai, alikuwa na gobore la marehemu baba yake, bunduki ile ya kushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kitambaa, halafu marisau, zile punje ndogondogo za risasi. Halikuwa na kibali, na chifu hakujua habari zake. Kila msimu walifanya kazi kwa mpango mmoja. Wayua anawazunguka nyani kwa upande akipiga debe, nao wanasogea mbele ya ua wa miiba alikojificha Nyamai. Nyamai anafyatua, marisau yanakwenda mbele, Wayua yuko pembeni salama. Miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyekwaruzwa ila nyani.

Basi mtutu ukapasuka. Nyamai akaupeleka kwa fundi mmoja wa kichinichini huko Tawa, Makueni, na Wayua akafuatana naye, maana dada yake ameolewa huko. Fundi akaondoa mtutu wa zamani, akatia mwingine uliotoka kwenye bunduki kuukuu aina ya raifo. Ndani ulikuwa na mifereji inayozunguka kama ya skrubu.

"Mzee, huu ni wa risasi moja tu," fundi akasema. "Ukitia marisau, mtutu utayazungusha. Yakitoka nje yanatawanyika pande zote, na katikati hakibaki kitu."

"Mtu wa Makueni atanifundisha mimi bunduki?" Nyamai akacheka. Nyumbani alikuwa na mkebe mzima wa marisau, urithi wa baba yake, na bahili kama Nyamai hajapata kutokea.

Waliporudi akaijaribu. Akatundika kibuyu kwenye ukuta wa zizi bovu, akalenga, akafyatua. Kibuyu kikabaki kinaning'inia, kizima. Ukutani, kukizunguka, kulikuwa na duara la matundu.

"Baba Nthenya, si ndivyo alivyosema yule fundi?" Wayua akauliza.

"Ukuta ndio mbaya," akajibu Nyamai. Eti ukuta! Na Wayua akanyamaza, kwa sababu kubishana na Nyamai kulimaanisha kulala na njaa na kuamka na matusi.

Asubuhi nyani wakaingia, na dume kubwa limetangulia. Wayua akavaa suruali, akashika debe, akazunguka kama siku zote. Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Alitaka kujitenga zaidi, lakini Nyamai akamfokea kutoka nyuma ya ua: "Sogea karibu! Unamwachia njia!" Akasogea.

Bunduki ikalia. "Wui!" Wayua akaanguka kwenye ndengu, mikono usoni, damu inapita kati ya vidole. Dume lilikuwa limekaa palepale, halina hata unywele uliokatika. Likatema ganda, likaondoka taratibu.

Nyamai alimfikia mkewe akamwinamia. Mnajua neno lake la kwanza? Si pole. "Utasema ni mwiba. Umesikia? Mwiba." Kisha akaenda kwanza kuficha gobore ghalani. Halafu akasema waanike ndengu zilizovunwa kabla hazijaoza. Wayua akakaa kivulini akijikanda kwa maji ya chumvi, akiomba Mungu amwachie jicho lake, lile moja tu, hata akimnyima mengine yote. Walipofika zahanati, uso ulikuwa umevimba hadi hatambuliki.

Muuguzi alikuwa Abdiya, binti wa wafanyabiashara wa mifugo. Akasafisha, akatoa punje moja shavuni, nyingine kwenye nyusi. Zikalia kwenye bakuli. Akamtazama Nyamai mlangoni, akamtazama Wayua.

"Mwiba," Wayua akasema kabla hajaulizwa.

Abdiya akazifunga punje kwenye kitambaa, akamtia mkononi. "Huu mwiba wako, mama. Ni wa chuma. Jicho limekufa. Ungekuja mapema tungekukimbiza hospitali kubwa, labda..."

Njiani kurudi, sokoni, Nyamai akanyoosha mkono. "Lete hayo marisau. Hayajaharibika. Nyani watarudi kesho. Wewe utazungukia upande ule mwingine, ili jicho zima ndilo lione."

Wayua akasimama. Alikuwa amelia tangu zahanati, na sasa machozi yakakauka. Akakikaza kile kitambaa mkononi, akageuka, akaanza kuvuka barabara kuelekea ofisi ya chifu.

"We mama Nthenya! Unaenda wapi? Nyumbani ni huku!"

"Nisamehe, baba Nthenya," Wayua akasema bila kugeuka. "Si unajua naona upande mmoja tu."

Akaingia, akamsalimu chifu, akakunjua kitambaa juu ya meza.